Kapasita za Kaanaeli

Mlipokuja nyumbani na keki na zile doti mbili za khanga za kuniaga, mliniomba jambo moja: nikae chini niandike namna ninavyochagua kapasita za amplifaya, kwa sababu kila mmoja wenu ana namba zake na kila mmoja anaapa kuwa ndizo nilizomfundisha. Nitaandika. Namba zenyewe zinaenea nyuma ya bahasha. Kilichobaki ni habari ya amplifaya moja niliyoiharibu mimi, na mwenzangu akafukuzwa kazi kwa ajili yake. Hiyo nayo mtaivumilia, kwa kuwa namba nilizijua hata siku ile, na hazikunisaidia kitu.

Ninyi mnanifahamu, ila karatasi husafiri, basi nijitaje. Mimi ni Saumu, fundi wa amplifaya Moshi mjini kwa miaka thelathini na minane. Nimezaliwa Majengo, baba Mpare, mama mtu wa Tabora ambaye babu yake alikuja na kazi za reli akasahau kurudi. Baba alikuwa fundi cherehani. Msikiti wa mtaani kwetu ulipoharibikiwa kipaza sauti, yeye ndiye aliyebeba boksi kulipeleka kwa Mzee Jayanti, na mimi nilibeba waya. Nilisimama pale mezani nikauliza maswali mpaka Mzee akamwambia baba, "Huyu mwache hapa, la sivyo atarudi peke yake."

Duka lilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja kirefu chenye meza tatu. Mzee Jayanti alizaliwa Moshi, na baba yake vilevile, na aliwaamkia wateja wa milimani kwa Kichagga kizuri kuliko nilivyoweza mimi. Siku ya kwanza hakunipa pasi ya kuchomelea. Alinipa mita na kopo la kapasita kuukuu, akaniambia nizigawe mafungu matatu: zilizokufa, zinazokufa, na zinazodanganya. Fungu la tatu ndilo lililonifundisha kazi. Kapasita inayodanganya ukiipima ikiwa imepoa inakupa namba nzuri kabisa, halafu ukiibebesha mzigo inakuacha njiani. Nimekutana na watu wa namna hiyo pia, lakini hao hawana mita.

Wateja walichukua muda kunizoea. Mtu akiingia ananiona mezani, pasi inafuka moshi mkononi, bado anauliza, "Binti, fundi yupo?" Namjibu yupo. "Niitie basi." Namwambia ameshakuja. Wengine walicheka, wengine walibeba boksi lao wakaenda kunywa chai mpaka Mzee arudi.

Meza ya dirishani ilikuwa ya Elisante. Alinitangulia kazini kwa miaka mitatu, mtoto wa Kirua Vunjo, mrefu, mpole wa sauti, mwenye mkono safi kuliko wote niliowahi kuwaona. Kila nilichojua kuhusu kushika pasi nilikipata kwake, maana Mzee alikuwa hodari wa kueleza na mzito wa kuonyesha.

Duka lile lilikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Boksi likifunguliwa, halifungwi bila karatasi ndani yake, imebandikwa chini ya kifuniko kwa gundi. Unaandika kilichotolewa, kilichowekwa, sababu, na jina lako. Hapo kwenye sababu ndipo tulipotokwa jasho. Nilipoandika mara ya kwanza "mteja anataka bezi," Mzee aliibandua karatasi, akanirudishia.

"Mgonjwa wa presha naye anataka chumvi," alisema. "Andika sababu."

Asiyeweka karatasi anakwenda nyumbani siku hiyohiyo, na harudi. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, kwa sauti ileile aliyotumia kunionyesha choo kilipo.

Sasa namba. Umeme wetu una mizunguko hamsini kwa sekunde, na ukipita kwenye daraja la dayodi, linaloulazimisha uende upande mmoja tu, unaijaza kapasita mara mia kwa sekunde. Kati ya kujaza na kujaza, amplifaya inakula kutoka kwenye kapasita peke yake. Kwa hiyo chukua ampia inazokula ikiwa imefunguliwa sauti, zidisha kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, gawa kwa voti ambazo uko tayari kuziona zikishuka. Ampia nne, voti nne zishuke, unapata maikrofaradi elfu kumi, ndio ukubwa wa kapasita, kwa kila upande, wa chanya na wa hasi. Kwa kichwa tu: kila ampia moja, maikrofaradi elfu mbili, na voti tano zitashuka. Kwa hesabu kali zitashuka pungufu ya hapo, na huo upungufu ndio akiba yako.

Halafu angalia voti za kapasita yenyewe. Transfoma imeandikwa thelathini? Zidisha kwa moja nukta nne, ni arobaini na mbili. Hapo ndipo shetani anakunong'oneza kuwa kapasita ya voti hamsini inatosha. Inatosha mezani. Nje huko umeme unapanda unavyotaka, jenereta la kukodi halina adabu, na arobaini na mbili inakuwa hamsini bila kukuarifu. Weka ya sitini na tatu ulale.

Hesabu hiyo ni ya Mzee. Kwa nini usizidishe tu, nilifundishwa na Elisante. Nilimuuliza siku moja: kama elfu kumi ni nzuri, kwa nini elfu hamsini isiwe nzuri mara tano?

"Kwetu tuna mfongo," alisema. "Mfereji unaotoka juu mtoni. Maji yake ni kidogo, hayatoshi kumwagilia shamba moja kwa moja. Basi tunachimba nduwa, bwawa dogo. Linajaa polepole, asubuhi tunalifungua kwa mara moja, maji yanafika mpaka mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba."

"Sasa si uchimbe nduwa kubwa zaidi?"

"Chimba. Mfongo ni uleule. Na siku bwawa likiwa tupu, ukiufungulia mfongo, litayameza maji yote kwa pupa mpaka kingo za mfereji zibomoke. Wa chini yako watakuja kwako na mapanga."

Kingo ni fyuzi na daraja la dayodi. Kapasita tupu wakati wa kuwasha ni kama waya ulioungana moja kwa moja, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyovuta zaidi. Bezi inatoka kwenye transfoma. Kapasita inaitunza tu. Na amplifaya ikivuma usikimbilie kapasita: chomoa waya wote wa kuingizia sauti kwanza usikilize. Nusu ya mivumo niliyoletewa maishani ilitoka kwenye waya wa maikrofoni.

Yote haya nilikuwa nayajua Alhamisi aliyokuja Bwana Kaanaeli.

Alikuwa na muziki wa kukodisha kule Kirua Vunjo, harusi, misiba na vipaimara. Elisante alikuwa amemtengenezea amplifaya yake jana yake: potenshiometa ya sauti, ile ya kuzungusha kuipandisha na kuishusha, ilikuwa inakwaruza, akaiweka mpya, akabandika karatasi. Kaanaeli alikuja kuichukua saa saba mchana. Mzee alikuwa amekwenda kwake kula, Elisante yuko kwa mama ntilie. Nilikuwepo mimi.

"Dada fundi," alisema, ameegemea meza, "kuna jamaa wa Kilema muziki wake unatikisa migomba. Wangu unakohoa. Mzee wako kila nikimwomba aniongezee kapasita ananipa somo. Wewe si unaweza?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama naweza. Wote waliuliza fundi yuko wapi. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Kulikuwa na kapasita mbili kubwa nilizozitoa kwenye mashine iliyokufa ya kutunzia umeme ya ofisi, kila moja maikrofaradi elfu thelathini na tatu, voti hamsini. Nilitoa zake za elfu nne na mia saba, nzima kabisa, voti sitini na tatu, nikafunga zile kubwa, mapipa hasa. Zilikuwa ndefu mno kwa boksi, nikazilaza na kuzifunga kwa kamba.

Duka lile hatukuwasha kitu kilichotengenezwa bila kukipitisha kwanza kwenye balbu. Balbu ya wati mia inakaa njiani kati ya umeme na amplifaya. Kama kuna kosa inawaka na kubaki imewaka. Kama hakuna, inamulika kidogo na kufifia kabla hujamaliza kusema moja. Siku ile iliwaka kweupe. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ikaanza kufifia. Balbu ilikuwa inaniambia kila kitu. Nikasema moyoni, si imezimika?

Tulijaribu na kaseti. Bezi ilikuwa nzuri, au tuliisikia nzuri kwa kuwa tuliitaka. Kaanaeli alinipa mkono kama wanavyopeana wanaume. Kisha nikafika kwenye karatasi. Kilichotolewa, naandika. Kilichowekwa, naandika. Sababu sikuwa nayo. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikafunga kifuniko, na ndani ya boksi ikabaki karatasi moja tu, yenye jina la Elisante.

Jumamosi kulikuwa na mazishi Kirua Vunjo. Aliyefariki alikuwa bibi mkunga, ambaye nusu ya waombolezaji aliwapokea yeye duniani, Elisante akiwa mmoja wao. Elisante alikuwa pale uani, ndiyo maana najua yaliyotokea. Kaanaeli aliwasha, fyuzi ikakatika papo hapo. Akaweka nyingine, ikakatika. Akafanya wanavyofanya wote, akazungushia karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa. Amplifaya ikawaka, kwaya ikaimba. Kisha mtoto mkubwa wa marehemu akasimama kusoma wasifu wa mama yake. Hakufika ukurasa wa pili. Sauti ilikatika, boksi likatoa moshi, na mvua nayo ikaanza kupiga kwenye migomba. Mtoto yule alisoma mpaka mwisho kwa sauti yake mwenyewe. Waliokaa mbele walisikia. Waliobaki, na walikuwa wengi, walimzika mkunga wao bila kusikia wasifu wake.

Jumatatu Kaanaeli alishuka na boksi limefungwa kwa shuka. Aliniangalia mara moja, kisha akageukia mlango, akaangalia barabara. Naye alikuwa na lake. Vipande vyeusi vya ile karatasi ya sigara niliviona kwenye kishikio cha fyuzi, na aliona kuwa nimeviona. Tulielewana bila kusema, kama wanavyoelewana wezi.

Mzee alifungua. Transfoma imeungua, daraja la dayodi limeungana, na yale mapipa mawili yamelala na kamba yake. Akageuza kifuniko, akasoma karatasi kwa sauti: potenshiometa ya sauti imebadilishwa, ilikuwa inakwaruza, Elisante.

"Na hizi?" aliuliza.

"Mimi niliweka potenshiometa, Mzee," Elisante alijibu.

"Nakuuliza hizi."

Elisante aliinama akaziangalia zile kapasita muda mrefu. Hakunitazama. Hakumtazama Kaanaeli. "Jina lililomo ni langu," alisema.

Pasi ilikuwa mkononi mwangu, imeshika moto. Nilihitaji maneno matatu tu: ni mimi, Mzee. Nilikuwa na muda wa kuyasema mara kumi. Niliogopa kurudishwa nyumbani, niliogopa uso wa baba, niliogopa kuwa hakuna duka jingine Moshi litakalompa mwanamke meza. Sababu hizo zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyostahili kuandikwa kwenye karatasi. Nilinyamaza. Kabla ya saa sita Elisante alikuwa amefunga bisibisi zake kwenye kitambaa, amempa Mzee mkono, ameondoka. Jioni Mzee aliniambia nihamie meza ya dirishani, kuna mwanga mzuri.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi mzigo ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyeubeba, na bado sikuulizia uzito wake kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nilifanya kazi vizuri baada ya hapo, na sitajifanya mnyonge kwa kulikana. Makanisa, misikiti, shule, bendi, wote walikuja. Nimeshika maboksi ya valvu, ya transista, na haya mepesi ya siku hizi ambayo hayana transfoma nzito na yanafia mikononi kama vifaranga. Kapasita za bandia zilipoingia sokoni, mimi ndiye niliyezipasua mbele yenu mkaona kapasita ndogo imevikwa koti la kubwa. Basi pimeni uzito kwa kiganja kabla ya mita, na msiamini maandishi ya dhahabu. Kapasita iliyojaa muishushe kwa rezista, polepole. Anayeitoa cheche kwa bisibisi simtaki karibu na meza yangu hata nikiwa nimestaafu. Msivuke mara mbili ya ukubwa aliouweka mtengenezaji bila kuweka rezista ya kuwashia mwanzoni pamoja na rilei ya kuiondoa. Na balbu ikichelewa kufifia, iaminini balbu.

Mliniita Mama Karatasi, nilisikia. Niliwarudishia maboksi kwa sababu ya mstari mmoja kutokuwepo, mkanong'ona kuwa uzee umeniingia. Sasa mnajua kilichoniingia.

Mzee Jayanti alihamia kwa watoto wake nje ya nchi, akafia huko. Siku anaondoka aliwaambia watu mbele yangu kuwa mimi ndiye fundi pekee ambaye hakuwahi kumtilia shaka. Sikusema neno hata siku hiyo. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa siku hiyo hakuna ambaye angenifukuza.

Wiki mbili baada ya keki yenu nilikwenda Kahe. Nilikuwa nimesikia zamani kuwa Elisante anatengeneza pampu za wakulima wa kumwagilia. Nilimkuta chini ya mti wa mkwaju, ana mvi kichwa kizima, amefungua mota ya pampu. Ndani ya kifuniko chake kulikuwa na karatasi.

"Saumu," alisema, bila kushtuka. "Za siku nyingi."

"Nzuri, kaka."

Alimwita mkewe, chai ikaja, wajukuu wakaniamkia shikamoo mmoja mmoja. Nilingoja waondoke, kisha nikamwambia kila kitu, kuanzia kapasita na kamba mpaka karatasi niliyoikunja. Alisikiliza huku akifuta mikono.

"Nilijua Jumatatu ileile," alisema. "Mimi nazungusha mguu wa kapasita kwenye waya kabla ya kuchoma. Wewe unaulaza tu. Ile ilikuwa imelazwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka useme wewe." Alifuta kidole kimoja kimoja. "Nilikaa kwa yule muuza kahawa, ng'ambo ya duka. Mpaka saa tisa. Nilikuwa na hakika utatoka."

Nililia pale mbele yake, mtu mzima na miwani yangu, naye aliniacha nilie.

"Nilikukasirikia sana," alisema baadaye. "Usidhani mimi malaika. Kule nyumbani waliniita Zima Msiba. Mama yangu alikuwa akipita sokoni watu wanamuuliza, mwanao ndiye yule? Nikashindwa kukaa, ndiyo nikateremka huku. Sasa nina pampu zangu, sina shida. Lakini huniambii mimi kitu kipya. Wa kuambiwa sio mimi."

"Mzee amefariki, Elisante. Na mama yako pia."

"Basi waambie wanaokaa kwenye zile meza. Waandikie." Alichukua bisibisi yake akarudi kwenye mota. "Na uandike sababu."

Basi wanangu, hiyo ndiyo karatasi iliyokosekana. Boksi lenyewe lilikwisha zamani, kwa hiyo ibandikeni ndani ya mlango wa kabati la vipuri, mahali mtu anapochukua kapasita.

Amplifaya ya Bwana Kaanaeli, Kirua Vunjo.
Kilichotolewa: kapasita mbili, maikrofaradi 4,700, voti 63. Zilikuwa nzima.
Kilichowekwa: kapasita mbili, maikrofaradi 33,000, voti 50.
Sababu: nilitaka kusifiwa.
Aliyeweka: Saumu.
Elisante alibadilisha potenshiometa ya sauti, na potenshiometa ile haikuwa na kasoro yoyote.